Maji ya Uvuguvugu Katika Nchi ya Baridi

*Kila majira ya baridi yanapoingia, mabwawa ya umma ya ndani nchini Uingereza hujaa watu, na hesabu zake hujaa madeni. Wako wasemao yafungwe, wako wasemao joto lipunguzwe, na wako wasio na mahali pengine pa kwenda.*

Kabla ya saa kumi ya alasiri katika mwezi wa Desemba jua la London huwa limekwisha kuchwa, taa za barabarani zimewashwa, na upepo utokao upande wa mto Thames umeanza kupenya makoti mazito. Wasaa huo ndio ambao milango ya mabwawa ya umma ya kuogelea, yale yaliyojengwa ndani ya majumba yakaezekwa paa, husongwa na watu wa kila sura na kila umri: watoto watokao shuleni na mikoba ya taulo mabegani, wazee waendao kwa tahadhari wasije wakateleza, akina mama wenye vichanga vifuani, na vijana waliotoka kazini wakiwa na haraka ya kuvua koti na uchovu pamoja.

Avaaye miwani, akiusukuma mlango huo, hupofuka kwa dakika nzima, maana unyevu wa ndani hujikusanya juu ya vioo vilivyopoa. Halafu harufu ya klorini humkabili, na kelele za watoto zipigazo ukuta na kurudi, na joto ambalo mwili wake ulikuwa umekwisha kulisahau.

Hutumbukiza sarafu katika tundu la kabati, huvua nguo zake tabaka baada ya tabaka, hufunga ufunguo mkononi, hujimwagia maji ya manyunyu, kisha hushuka ngazi na kuingia katika maji yenye nyuzi joto 28, ilhali nje ya ukuta ule ule kipimajoto kimekaribia sifuri.

Msomaji aliyeko Lamu au Tanga, ambaye bahari yake haimfungii mlango mwaka mzima ila kwa mawimbi ya kusi, huenda akadhani kwamba jambo hili ni anasa ya watu walioshiba. Lakini tofauti hiyo ya joto baina ya upande mmoja wa ukuta na upande wa pili hulipiwa kwa fedha za umma, kila saa, usiku na mchana. Na juu ya malipo hayo pamezuka ugomvi usiokwisha, ambao jamaa zetu wengi wanaoishi nchi hiyo wamo ndani yake, wakijua wasijue.

Kipindupindu na chungu cha maji ya moto

Asili ya mabwawa haya haikuwa mchezo wala fahari, bali hofu ya mauti. Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia katika mji wa bandari wa Liverpool, kikawakumba zaidi maskini waliorundikana katika vyumba vya chini ya ardhi, pasipo maji safi wala mahali pa kufulia nguo.

Katika mtaa mmoja wa mji huo aliishi mwanamke fukara, Catherine Wilkinson, mashuhuri kwa jina la Kitty, mzaliwa wa Londonderry katika Ireland, aliyewazidi jirani zake kwa kitu kimoja tu, nacho ni chombo kikubwa cha kuchemshia maji. Aliwafungulia jiko lake waje kufua nguo na matandiko ya wagonjwa, akitumia dawa ya chokaa yenye klorini, ambayo ni ya ukoo mmoja na dawa ile impigayo puani aingiaye bwawani hata leo.

Wema huo haukwenda bure. Mwaka 1842 mji wa Liverpool ulifungua katika mtaa wa Frederick nyumba ya umma ya kuogea na kufulia, na miaka minne baadaye Kitty na mumewe wakakabidhiwa usimamizi wa nyumba ya namna hiyo. Mwaka huo huo wa 1846 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya nyumba za kuogea na kufulia, iliyoziruhusu serikali za miji na parokia kukopa fedha, kujenga, na kutoza ada ndogo ambayo mnyonge angeimudu.

Tazama vema: sheria iliruhusu, haikulazimisha. Mji uliotaka ulijenga, na mji usiotaka ulikaa na uchafu wake. Ruhusa hiyo isiyo na sharti ndiyo mzizi wa fitina, nami nitairejea hapo mbele.

Bwawa lililofungwa wakati wa baridi

Jambo la ajabu, ambalo wengi wa waogeleaji wa leo hawalijui, ni kwamba sheria ya nyongeza ya mwaka 1878, iliyofungua njia ya mabwawa ya kuogelea yenye paa, iliwapa wenye miji idhini ya kuyafunga katika miezi ya Novemba hadi Machi, yaani miezi mitano mizima, na kuyatumia kwa mazoezi ya viungo na burudani nyingine za siha.

Sababu yake ilikuwa nyepesi kufahamika: makaa ya mawe yaligharimu fedha, na wateja wa majira ya joto hawakuja wakati wa theluji. Basi mbao ziliwekwa juu ya maji, au juu ya birika tupu, sakafu ikatengenezwa, na mahali pa kuogelea pakawa ukumbi wa dansi, wa mikutano, wa michezo ya kuigiza na wa ndondi.

> Majira ya baridi, ambayo leo ndiyo majira ya neema ya bwawa la ndani, zamani yalikuwa majira ya kulifunga.

Huko Poplar, mashariki ya London, bwawa kubwa lililojengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1930 lilifunikwa hivyo kila baridi, likaweza kukalisha watu zaidi ya elfu moja. Na huko Bethnal Green, York Hall, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1929 iwe mahali pa kuogea, imepata sifa duniani kwa ngumi zaidi kuliko ilivyoipata kwa maji.

Wala tusidhani kwamba maji yenyewe yalikuwa ya usawa. Manchester ilifungua mwaka 1906 nyumba ya fahari iitwayo Victoria Baths, yenye vigae vya rangi na madirisha ya vioo vya nakshi, ikagawa mabwawa yake matatu kwa daraja: wanaume wa daraja la kwanza, wanaume wa daraja la pili, na wanawake. Maji safi yaliingia kwanza kwa wale wa daraja la kwanza. Yakitumika yakapitishwa kwa wa daraja la pili. Na mwisho wa safari yake yakawafikia wanawake. Mwenye kutaka kujua nchi iliwapimaje watu wake asihangaike kusoma hansadi za Bunge, na afuate bomba hilo.

Uchujaji wa maji kwa mashine na matumizi ya klorini ndivyo vilivyoiondoa aibu hiyo, maana maji yaliweza sasa kuzunguka, kusafishwa na kurudi, badala ya kukaa yakichafuka siku baada ya siku. Hapo ndipo bwawa lilipoweza kufunguliwa mwaka mzima, na baridi ikageuka kuwa wakati wa haja kubwa kuliko wakati mwingine wowote: bahari ya Uingereza katika miezi hiyo hushuka hata nyuzi 6 au 7, na mtu asiyezoea akitumbukia humo pumzi humkatika kabla hajapata nafasi ya kukumbuka kama anajua kuogelea au hajui.

Joto hupotea wapi

Mabwawa mengi yanayotumika leo yalijengwa katika miaka ya 1960 na 1970, zama ambazo mafuta na gesi vilikuwa rahisi, hata wajenzi wakapenda kuta nyembamba na madirisha mapana ya kioo. Urithi huo sasa umezeeka, nao ni ghali.

Maji ya bwawa kubwa la umma huwekwa aghalabu baina ya nyuzi 27 na 29, na lile dogo la wanaojifunza huzidi hapo kwa nyuzi mbili au tatu. Walakini gharama haimo ndani ya maji peke yake. Sehemu kubwa ya joto hutoroka kwa njia ya mvuke, na bwawa lisilofunikwa usiku ni sufuria iliyoachwa motoni bila kifuniko: hulipia joto lisilomfaa mtu yeyote.

Ili kuuzuia mvuke huo usizidi, hewa ya ukumbini hupashwa moto nayo, iwe juu ya joto la maji kwa uzi mmoja hivi, na mashine za kupepea hufanya kazi saa zote 24, zikiivuta hewa nzito ya unyevu, zikiitoa nje, na kuingiza hewa mpya ambayo wakati wa baridi ni kavu na baridi sana, hivyo ni lazima ipashwe moto upya. Fauka ya hayo, vichujio husafishwa kwa kurudisha maji nyuma, na maji hayo ya moto humwagwa, yakafidiwa na maji yatokayo katika bomba la mjini yakiwa baridi kabisa.

Mtu mwenye busara ya haraka husema: basi na tuzime mashine za hewa, angalau usiku. Jibu lake liko Uster, mji mdogo wa Uswisi, ambako tarehe 9 Mei 1985 dari la zege la bwawa la ndani liliwaangukia waogeleaji, watu 12 wakafa. Vyuma vilivyolishikilia dari hilo vilikuwa vya aina isiyoshika kutu, na kweli havikuonyesha kutu ya kutisha; lakini kloridi ya hewa ya bwawa ilikuwa imevila kimyakimya ndani kwa ndani, mpaka vikakatika.

Tangu msiba ule wahandisi wa mabwawa hawaichezei hewa. Bwawa laweza kupoa kidogo na mtu akatetemeka, lakini likiachwa likafuka unyevu bila kupepewa, hatari haiko tena katika maji, iko juu ya vichwa.

Mwaka wa gesi

Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari 2022, na bei ya gesi ikapanda Ulaya nzima, bwawa la ndani likawa miongoni mwa vitu vya kwanza kutazamwa kwa jicho la shaka. Mji wa Hannover nchini Ujerumani ulikata maji ya moto ya manyunyu katika majengo ya umma, kumbi za michezo na mabwawa, hata muogeleaji aliyetoka majini ikambidi kujisuuza kwa maji baridi. Miji mingine ya Ujerumani ilishusha joto la mabwawa yake kwa nyuzi kadhaa.

Nchini England mabwawa mengine yalipunguza saa, mengine yakafungwa kwa muda, na mengine hayakufunguliwa tena. Serikali ilitangaza katika bajeti ya Machi 2023 msaada wa pauni milioni 63, sehemu yake ya kulipia gharama za papo hapo, na sehemu kubwa zaidi ya kununulia vifaa vya kupunguza matumizi ya nishati.

Fedha hizo zilisaidia, na kuzibeza ni kukosa shukrani. Lakini hazikugusa lile jambo nililoahidi kulirejea. Mpaka leo, katika England, bwawa la kuogelea si huduma ambayo halmashauri imelazimishwa na sheria kuitoa. Matunzo ya wazee wasiojiweza ni lazima, ulinzi wa watoto ni lazima, uzoaji wa taka ni lazima. Bwawa ni hiari, kama lilivyokuwa hiari mwaka 1846. Maadamu ni hiari, fedha zikipungua huwa la kwanza kukatwa.

> Bwawa ni hiari, kama lilivyokuwa hiari mwaka 1846. Maadamu ni hiari, fedha zikipungua huwa la kwanza kukatwa.

Uzi mmoja wa joto, na watu watatu

Si haki kuwachora watunza hazina wa halmashauri katika sura ya watu wasio na huruma. Hoja yao ina uzito: bwawa ni miongoni mwa majengo yanayokula nishati nyingi kuliko yote waliyo nayo, ada ya kiingilio hailipi gharama, na kila pauni iliyotiwa katika boila ni pauni iliyokosekana kwingineko. Wengine huongeza hoja ya hali ya hewa, wakasema kuwa kuchoma gesi ili watu wapige mbizi ni israfu isiyostahimilika katika zama hizi.

Wapinzani wao si kundi moja, na hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Kanuni za mashindano ya kimataifa hutaka maji yawe baina ya nyuzi 25 na 28, kwa sababu muogeleaji wa mbio hujipasha moto kwa jitihada zake mwenyewe, na maji ya moto humchosha. Bibi mwenye maradhi ya viungo, ambaye humo majini hupata nusu saa ya kutembea bila maumivu, hutaka nyuzi 30 na zaidi. Mtoto wa miaka mitano, mwenye mwili mdogo unaopoteza joto upesi, huanza kugeuka rangi midomo katika maji ambayo kwa mwanamichezo ni raha tupu, na mtoto atetemekaye hajifunzi kitu.

Kwa hiyo lishushwapo joto kwa uzi mmoja, anayeambiwa avumilie si kila mtu. Ni mzee na mtoto. Na wakati wa baridi wale wenye nguvu wana mahali pengine: wana mbuga za kukimbilia, wana kumbi za mazoezi za kulipia kwa mwezi, wana hata mito na maziwa ya baridi ambayo siku hizi imekuwa mtindo kuyaogea. Mzee na mtoto hawana.

Maoni yangu ni haya: palipo na mabwawa mawili katika jengo moja, lile kubwa la njia za mbio lishushwe joto bila kusita, na lile dogo lisiguswe kabisa. Palipo na moja, afadhali saa zipunguzwe kuliko joto, mradi saa zitakazoondolewa zisiwe zile za masomo ya watoto.

Tena ziko njia za kupata joto pasipo kuchoma gesi yote hiyo. Katika mji wa Exmouth, pwani ya Devon, kampuni iitwayo Deep Green iliweka mwaka 2023 katika kituo cha michezo sanduku la kompyuta lisilozidi ukubwa wa mashine ya kufulia. Kompyuta hizo zimezamishwa katika mafuta, mafuta hubeba joto lake, na joto hilo hupelekwa katika maji ya bwawa, likatosha kuyaweka karibu na nyuzi 30 kwa muda mwingi. Mjini Paris bwawa la Butte-aux-Cailles limepata joto la kompyuta kwa njia inayokaribiana na hiyo.

Na Iceland, ambako ardhi yenyewe hutoa maji ya moto, mji wa Reykjavík una bwawa la ndani la tangu mwaka 1937, kazi ya msanifu Guðjón Samúelsson, na kuogelea ni somo la lazima shuleni. Nchi hiyo haikusubiri utajiri ndipo ijenge. Iliona mabaharia wake wanavyokufa maji, ikajenga.

Sisi na maji ya ndani

Nimetangulia kusema kwamba jamaa zetu wamo katika ugomvi huu. Waswahili wa Mombasa na Unguja, Wabarawa wenye lahaja yao ya Chimiini, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wasemao Kiswahili wametawanyika London, Leicester, Manchester na miji mingine. Na watoto wao wamo katika shule ambazo mtaala wa England huzitaka zimwezeshe kila mtoto, kabla ya kumaliza elimu ya msingi, aogelee walau mita 25 na ajue kujiokoa majini.

Takwimu zilizotolewa na Sport England hazifurahishi: watu wazima Weusi 95 katika kila 100, na watoto Weusi 80 katika kila 100, hawaogelei. Mwaka 2020 iliundwa jumuiya iitwayo Black Swimming Association kwa ajili ya jambo hilo hilo, na mmoja wa waasisi wake, Alice Dearing, ndiye mwanamke Mweusi wa kwanza kuiwakilisha Uingereza katika kuogelea kwenye Olimpiki, katika michezo ya Tokyo. Kofia kubwa ya kuogelea iitwayo Soul Cap, iliyotengenezwa kwa ajili ya nywele nene, ilikataliwa na wakuu wa mchezo huo mwaka 2021, ikakubaliwa mwaka uliofuata, baada ya kelele nyingi.

Kelele za namna nyingine huhusu saa za wanawake peke yao. Bwawa likitenga jioni moja kwa ajili yao, likafunika madirisha na kuweka waokoaji wa kike, wako wanaolalamika kwamba mali ya umma imegawanywa kwa sababu ya dini, na kwamba saa hizo huleta mapato machache. Wanaozitetea hujibu kwamba mwanamke mwenye kushika stara hatakuja saa nyingine yoyote, hivyo kumnyima saa hiyo ni kumtoza kodi ya bwawa asilolitumia. Sheria ya usawa ya mwaka 2010 huruhusu huduma za jinsia moja kwa masharti yaliyowekwa.

Wanaoliona jambo hili kuwa uzushi uliokuja na wageni wakumbushwe Manchester: wanawake walikuwa na bwawa lao, na ilipofika mwaka 1914, siku za kuogelea wanaume na wanawake pamoja ziliporuhusiwa, hilo ndilo lililokuwa jambo geni. Mimi nazitetea saa hizo, ila ziwekwe mahali pa maana. Saa ya wanawake iliyopangwa mwisho wa usiku, katika mwezi wa Januari, wakati mama mwenye watoto watatu hana basi la kumrudisha, ni saa ya karatasini.

Kwetu nako lawama ipo. Vijana wa kiume wa pwani hujitupa majini tangu wangali wadogo, mbele ya macho ya watu, pale Forodhani. Dada zao huachwa ufukweni wakishika nguo. Meli ya Spice Islander ilipozama baina ya Unguja na Pemba mwezi Septemba 2011, na mamia ya roho kupotea, bahari haikuuliza nani mume na nani mke. Ndiyo maana kazi ya Mradi wa Panje huko Nungwi, wa kuwafundisha wasichana kuogelea wakiwa katika mavazi ya stara, ni kazi ya kuungwa mkono kuliko nyingi zinazopigiwa ngoma.

Wala tusiseme kwamba nyumba ya maji ya umma ni bidaa. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, aliwajengea watu wa mji hamamu ya maji ya moto ambayo mtaa wa Hamamni umechukua jina lake. Haikuwa mahali pa kuogelea, lakini maana yake ilikuwa ile ile ya Liverpool: mwenye hodhi nyumbani kwake na asiye nalo wapate maji ya moto chini ya paa moja.

Kichomi, adabu na harufu

Bibi aliyeko Mombasa, akisikia katika simu kwamba mjukuu wake ametoka bwawani na nje kuna barafu, hulalamika kwamba mtoto atapatwa na kichomi. Na atulie. Kichomi, kama mafua, huletwa na vijidudu, na vijidudu haviogopi kichwa kikavu. Hata hivyo ushauri wake haudhuru: nywele zikaushwe, kofia ya sufu ivaliwe, na mtoto apewe kitu cha moto cha kunywa kabla ya kutoka, kwa sababu mwili uliokuwa majini umepoteza joto jingi kuliko mwenyewe anavyohisi.

Harufu kali ya bwawa wengi huitafsiri kuwa dalili ya usafi. Ni kinyume chake. Klorini iliyo huru haina harufu nyingi. Inayochoma macho na pua ni ile iliyokwisha kuungana na jasho, mafuta ya mwili na mikojo ya watu. Wakati wa baridi, kwa kuwa madirisha hufungwa na waogeleaji huwa wengi, harufu hiyo huzidi, na mashine za hewa huongezewa kazi, na gharama hupanda. Kujimwagia maji na kujisugua kwa sabuni kabla ya kuingia si adabu tupu; ni mchango wa fedha.

Kalamu kabla ya Machi

Scotland ina sheria ya tangu mwaka 1982 inayozitaka halmashauri zihakikishe kuwa pana huduma za kutosha za michezo na burudani. Haikuyaokoa mabwawa yote, lakini imewapa wakazi mahali pa kushika wanapoingia katika chumba cha madiwani. England haina kitu kama hicho, na mwandishi huyu haoni sababu ya kuisubiri miaka mingine 180. Bwawa moja lenye joto, lililo karibu, lenye kiingilio anachokimudu mtu wa mshahara wa kima cha chini, na liwe wajibu wa sheria kama uzoaji wa taka ulivyo.

Mpaka siku hiyo itakapofika, uamuzi umo mikononi mwa madiwani, nao huufanya katika majira haya haya ya baridi. Halmashauri za England zinazokusanya kodi ya makazi zinatakiwa na sheria zipitishe viwango vyake kabla ya tarehe 11 Machi, na mashauriano na wakazi aghalabu hufungwa wiki kadhaa kabla yake. Karatasi za mashauriano hayo huwekwa maktaba na katika mitandao ya halmashauri, na mkazi hahitaji kuwa raia wa Uingereza ndipo maoni yake yasomwe. Wasomaji wetu mlioko huko, akina mama hasa, andikeni: tajeni bwawa, tajeni saa, tajeni watoto wangapi nyumbani hawajafikisha mita 25, na barua hiyo iwe mezani kwa diwani wenu kabla ya mashauriano kufungwa.